Jinsi ya kutembelea bustani ya mimea London mwaka 1785, mwongozo kwa anayeanza

Maswali kuhusu bustani za mimea za Uingereza ya karne ya 18 ni yaleyale kila mara. Mtu wa kawaida aliruhusiwa kuingia? Alilipa ngapi? Wanawake je? Mtu mweusi je? Alifikaje, na akishaingia alikuwa anafanya nini humo ndani? Nimeona niyajibu yote sehemu moja, hatua kwa hatua, kwa yeyote anayeandika hadithi ya enzi hizo, anayeandaa igizo, au anayesoma famasia na anataka kujua fani yake imepita wapi.

Nimechagua London, kiangazi cha 1785, kwa sababu mwaka huo bustani tatu kubwa zipo hai kwa wakati mmoja, Chelsea, Lambeth na Kew. Naandika kana kwamba wewe ndo unakwenda, ndo njia rahisi ya kuelewa.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: hizi zilikuwa sehemu za kusomea. Ukitaka muziki, taa na watu wa kuringa na mavazi unaenda Vauxhall, huko ndo kwenye starehe. Huku unaenda na swali kuhusu mmea fulani, na mwenye swali ndo anafunguliwa mlango na kupelekwa mpaka nyuma kwenye vitu vizuri, asiye na swali anatembezwa dakika kumi anaonyeshwa geti.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka

- Jina la mtu anayekujua na anayejulikana huko, daktari, mfamasia au mwalimu, na ikiwezekana barua fupi kutoka kwake.
- Hela ndogo ndogo. Pauni moja ina shilingi 20, shilingi moja ina peni 12, na gini moja ni shilingi 21. Usichanganye na shilingi zetu, kibarua wa London alipata shilingi mbili hivi kwa siku au pungufu, kwaiyo shilingi moja ni hela inayoeleweka. Sarafu za fedha zilikuwa adimu na zimelika mpaka sura ya mfalme haionekani, na za shaba feki zilikuwa nyingi, chenji iangalie kabla hujaiweka mfukoni.
- Nguo safi za heshima (nitaeleza kwenye hatua ya 4).
- Viatu vya kuvumilia tope.
- Daftari na penseli. Wino acha nyumbani.
- Jina la Kilatini la mmea mmoja unaotaka kuuona. Mmoja tu unatosha, ila ulijue vizuri.

Hatua ya 1: Chagua bustani

Hapa ndo wengi wanakosea, wanadhani zote ni sawa.

Chelsea ndo kongwe kati ya hizi tatu. Ilianzishwa 1673 na chama cha wauza dawa wa London ili wanagenzi wao wajifunze kutambua mimea ya tiba, kwa sababu mfamasia asiyejua kutofautisha jani na jani anaua watu. Ardhi ilikuja kuwa ya daktari Hans Sloane, na 1722 akawapangisha milele kwa pauni 5 kwa mwaka, kwa sharti kwamba kila mwaka wapeleke Royal Society, chama cha wanasayansi, mimea 50 iliyokaushwa, tofauti na ya mwaka uliopita, mpaka ifike 2,000. Sharti zuri sana lile, liliwalazimisha kila mwaka kutafuta mimea mipya. Ila tusifiche, sehemu ya utajiri wa Sloane ilitoka kwenye mashamba ya watumwa Jamaica kupitia mke wake, na pesa hiyo imo kwenye kuta hizo. Chelsea ni mali ya chama, unaingia kwa kujulikana. Milango haikufunguliwa kwa umma wote mpaka 1983.

Lambeth Marsh ni bustani ya William Curtis, kusini ya mto Thames, ilifunguliwa 1779. Huyu bwana alikuwa mwalimu wa mimea pale Chelsea, akaacha akaanzisha ya kwake kwa mfumo wa uanachama, unalipa gini kwa mwaka unaingia. Kwangu mi hii ndo ya kwanza unayopaswa kufikiria, kwa sababu haikuulizi we ni mtoto wa nani, inakuuliza umelipa? Mwaka 1783 alitoa katalogi ya mimea yake, ya Uingereza yenyewe, ya dawa, ya jikoni na ya kilimo, na ukiwa nayo mkononi huhitaji kumsumbua mtu kila dakika.

Kew ni ya familia ya kifalme, iko mbali kidogo upande wa magharibi. Augusta, mama wa mfalme George III, ndo alianzisha sehemu ya mimea 1759 chini ya mtunza bustani William Aiton, na kufikia 1785 mtaalamu wa mimea Joseph Banks ndo anamshauri mfalme nini kiletwe kutoka wapi. Inafunguliwa kwa watu siku maalum tu za kiangazi. Kwa anayetoka kwetu ina kitu cha kipekee, kule ndani kuna mmea wa aina ya Encephalartos ambao Francis Masson, mkusanya mimea wa Kew, aliuleta kutoka Afrika Kusini na ukafika Kew 1775, na mpaka leo uko hai kwenye chungu chake. Ndugu zake wapo kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, mashina mazito na majani magumu yanayofanana na ya mnazi mfupi.

Kama hauko London, Oxford ina bustani tangu 1621 yenye geti la mawe la fahari, na Cambridge wana yao tangu 1762. Zote ni za vyuo, utaratibu unafanana na wa Chelsea, unamtafuta mtu.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Mei mpaka Agosti. Kabla ya hapo vitanda vingi vina udongo tu, na baadaye mimea ya dawa ishakatwa. Julai pale Chelsea wanagenzi wanatoka na mwalimu wao kwenda kutafuta mimea mashambani nje ya mji, safari kubwa ya mwaka inayoishia na chakula cha jioni, kwaiyo siku hiyo usitegemee kumkuta mwalimu bustanini.

Angalizo kwa waandishi wa hadithi: kama stori yako iko kabla ya Septemba 1752, Uingereza bado ilikuwa inatumia kalenda ya zamani, iliyo nyuma kwa siku 11. Tarehe 2 Septemba 1752 ilifuatiwa na tarehe 14. Ukiandika ua limechanua tarehe fulani ya Mei 1740, hesabu hizo siku, la sivyo umelichelewesha.

Hatua ya 3: Pata ruhusa

Lambeth, lipia gini yako. Chelsea, tuma barua siku kadhaa kabla, fupi, useme we ni nani, nani anakufahamu, na mmea gani unakuleta. Mwenye kuelekezewa mwaka huu ni mtunza bustani John Fairbairn, aliyeshika nafasi ya William Forsyth mwaka 1784. Ukimtaja Philip Miller kama vile bado yupo utaonekana hujui kitu, Miller aliongoza pale tangu 1722 mpaka karibu 1770 na alifariki 1771. Hili kosa nakutana nalo sana.

Wanawake waliingia, tena wengine walifanya kazi kubwa humo. Elizabeth Blackwell, mume wake akiwa gerezani kwa madeni, alihamia karibu na ukuta wa Chelsea, akachora mimea 500 ya dawa, akachonga mabamba ya kuchapia mwenyewe na kupaka rangi kwa mkono, kitabu kikatoka kati ya 1737 na 1739 na pesa yake ndo ikamtoa mume. Mary Delany naye alianza uzeeni, ana miaka 70 na kitu, kutengeneza maua kwa vipande vya karatasi, akafikisha karibu 1,000, na Kew walimpa mimea ya kuigiza.

Kuhusu mtu mweusi. London ya wakati huo ilikuwa na maelfu ya watu weusi, wengi watumishi, mabaharia, na wachache wenye biashara zao kama Ignatius Sancho aliyekuwa na duka Westminster mpaka alipofariki 1780 na alipiga kura kama mwenye mali. Kwaiyo mhusika wako mweusi mjini ni jambo la kawaida kabisa. Ila mpe barua na mpe mwenyeji, kwa sababu kwenye geti la Chelsea mtu wa rangi yoyote asiye na mdhamini alikuwa na kazi, na mweusi asiye na mdhamini alikuwa na kazi mara mbili.

Hatua ya 4: Vaa

Wazo ni moja, usionekane umekuja kuiba wala kuringa. Mwanaume koti, kizibao, soksi ndefu, viatu safi. Upanga kama unao uache, utakwangua vyungu. Mwanamke epuka sketi pana za kwenda kwenye dansi, njia kati ya vitanda ni nyembamba, pindo litafagia vibao vyote, na mtunza bustani akiona kibao kimelala hajui tena kilikuwa cha mmea upi. Poda ya nywele weka kidogo sana, kwenye nyumba ya joto kuna unyevu, poda inageuka uji unateremka shingoni.

Hatua ya 5: Fika kwa mto

Chelsea nenda kwa boti. Shuka kwenye ngazi zozote za Thames, wapiga makasia watakuitia wenyewe. Boti ya mpiga makasia mmoja ni nusu ya bei ya boti ya wapiga makasia wawili, na nauli zimepangwa kisheria, kwaiyo taja unakokwenda na kubaliana kabla hujakaa. Mto huu unafuata maji ya bahari, yanajaa na kupwa, watu wa pwani mnaelewa, panda na maji yanayojaa utafika haraka, ukienda yakiwa yanapwa utalipia jasho la mtu na utachelewa.

Kama unatokea mashariki ya Daraja la London, usipite chini yake na boti maji yakiwa yanapwa. Nguzo ni nene na matao membamba, maji yanaanguka kama maporomoko, watu wamekufa pale. Shuka, tembea kwa miguu upande wa pili, panda tena.

Kwa barabara, usijiamulie kupita King's Road kwenda Chelsea. Ilikuwa barabara binafsi ya mfalme mpaka 1830, wanaopita ni wenye kibali. Lambeth ni rahisi, unavuka Daraja la Westminster kwa mguu.

Hatua ya 6: Getini

Gonga mara moja, subiri. Toa barua kabla hujaongea sana. Taja mmea wako. Mfano sema umekuja kuona Digitalis, na mwaka 1785 huo mmea ni habari ya mjini, maana mwaka huohuo daktari William Withering wa Birmingham ametoa kitabu kuhusu kutibu maji yanayojaa mwilini kwa majani yake, baada ya miaka kumi ya kupima dozi. Wazo alilipata 1775 kutoka kwenye dawa ya kienyeji ya bibi mmoja wa Shropshire. Ukilitaja hilo kwa Fairbairn mazungumzo yameshaanza.

Hatua ya 7: Zunguka kwa mpangilio

Chelsea ni ndogo, kama ekari nne zilizozungukwa na ukuta, ila usirukeruke.

Anza katikati kwenye sanamu ya Sloane, kazi ya mchongaji Rysbrack, hapo unaona njia zote. Shuka upande wa mto ukaone mierezi ya Lebanoni. Ilipandwa minne mwaka 1683, miwili ilikatwa 1771, kwaiyo 1785 imebaki miwili, ukiandika minne umekosea. Alafu nenda kwenye kilima cha mawe kilichojengwa 1773, kina mawe ya zamani kutoka Mnara wa London na mawe meusi ya volkano ambayo Banks aliyatoa Iceland 1772. Kisha ndo vitanda vya dawa, taratibu, kimoja kimoja.

Kwenye vitanda weka mikono nyuma. Usichume, usionje. Majani ya Digitalis yanafanana na ya mimea mingine isiyo na madhara kabla mmea haujatoa maua, na watu wamekufa kwa kuchemsha jani wasilolijua. Inama, tazama upande wa chini wa jani, hesabu petali na vile vijinyuzi vya ndani ya ua, maana mfumo wa kupanga mimea wa Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, wanaoutumia pale unaanza na kuhesabu hivyo vijinyuzi. Hauhitaji nadharia zaidi ya hiyo.

Hatua ya 8: Nyumba ya joto

Hapa tulia, hapa ndo pazuri kuliko pote, na usiingie mwenyewe hata kama mlango uko wazi. Kila mlango unapofunguka joto linatoka na mtu amechoma makaa usiku kucha kulitunza.

Ndani utakuta shimo refu lililojengwa kwa tofali, limejaa maganda ya mwaloni yaliyosagwa, makapi kutoka kwa watengeneza ngozi. Maganda yakilowa na kurundikwa yanachacha, yakichacha yanatoa joto la upole linalodumu kwa miezi, na vyungu vimezamishwa humo mpaka shingoni. Yakianza kupoa yanageuzwa kwa uma na kuongezwa mapya. Kuta nazo zina njia za moshi wa makaa zinazopita ndani. Ukiruhusiwa, chomeka fimbo kwenye maganda, iache muda, ichomoe ushike ncha, utashangaa ilivyo ya moto. Harufu ni ya ngozi mbichi na udongo uliolowa. Ndo hivyo nanasi liliiva kwenye nchi yenye theluji.

Uliza wana nini kutoka nchi za joto. Kifauwongo kilipendwa mno kwenye nyumba hizi, watu wazima wenye wigi wanapanga foleni kuona majani yakijikunja, kitu ambacho mtoto wa Tanga anakigusa kwa kidole cha mguu akienda shule. Na ulizia ule mmea wa Madagascar wenye maua ya pinki au meupe ya petali tano, unaoota kwenye nyua zetu bila hata kupandwa. Miller alipata mbegu zake kutoka Paris miaka ya 1750 akazikuza hapo Chelsea. Wakati huo ni ua la mapambo, hakuna aliyejua kwamba karne ya 20 utatoa dawa za saratani, vinblastine na vincristine. Mi huo ndo mmea ningeuendea kabla ya yote.

Kosa la kuepuka: kugusa kifauwongo mara kwa mara. Gusa jani moja ukiruhusiwa, basi. Kinachoka, na mgeni anayekuja nyuma yako haoni kitu.

Hatua ya 9: Andika, toa bakshishi, ondoka

Andika palepale, jina la Kilatini, kitanda gani, kimechanua au bado. Mbegu usiombe siku ya kwanza. Ukiondoka, mpe aliyekutembeza shilingi moja mkononi kimya kimya na umshukuru kwa jina. Usimpe Fairbairn mwenyewe mbele za watu, ni mtu wa cheo, yeye mwandikie barua ya shukrani, na kama una mbegu au mmea mkavu kutoka kwenu mtumie. Bustani hizi ziliishi kwa kubadilishana, mwenye mbegu ngeni anakaribishwa mara ya pili bila barua.

Ukikwama

*Barua haijajibiwa.* Usiende kubisha. Tafuta mwanagenzi wa duka la dawa, wao wanaingia Chelsea kimasomo, mwombe amuulize mwalimu wao Thomas Wheeler.

*Gini ni nyingi.* Ni kweli, ni mshahara wa kibarua wa siku kumi na zaidi. Tafuta mwanachama anayependa mimea, ongozana naye. Au mpeleke mhusika wako 1787, Curtis alipoanza gazeti lake la mimea, picha tatu za rangi kwa shilingi moja kila toleo.

*Lambeth mimea inaonekana michafu na dhaifu.* Sio macho yako. Ni moshi wa makaa wa London, majani yanafunikwa na masizi, na ndo moja ya sababu Curtis alihama akaenda Brompton 1789. Stori ikiwa ya 1790, mpeleke mtu Brompton.

*Kew umekuta pamefungwa.* Angalia siku, alafu angalia mwaka. Kuanzia mwisho wa Novemba 1788 mfalme alipelekwa Kew akiwa mgonjwa wa akili, na Februari 1789 alimkimbiza mwandishi Fanny Burney ndani ya bustani hiyohiyo, mwenyewe ameacha maelezo. Baridi hiyohiyo Thames iliganda mpaka watu wakafanya gulio juu ya barafu, kwaiyo hata boti haupati. Miezi hiyo iache kabisa.

*Umeenda Kew kuona majoka kwenye ule mnara wa Kichina.* Mnara upo tangu 1762, una ghorofa kumi na urefu wa karibu mita 50, ila majoka yake 80 ya mbao yaliondolewa 1784. Ukiyataka, rudisha safari yako nyuma miaka miwili au zaidi.

*Jina la mmea ulilonalo hakuna anayelijua.* Pengine umetumia jina la leo. Majina ya maneno mawili yalianza kushika na kitabu cha Linnaeus cha 1753, na Miller mwenyewe aliyapokea kwenye kamusi yake toleo la 1768, na tangu hapo mengi yamebadilishwa. Ule mmea wa Madagascar leo unaitwa Catharanthus roseus, ila mwaka 1785 ulizia Vinca rosea.